Jogoo Juu ya Paa la Mjane

Nilijua kuna jambo kabla sijafika kwangu, kwa sababu watu waliokuwa njiani walikuwa wanaangalia juu. Si juu mawinguni, kama mtu anayetafuta mvua. Walikuwa wanaangalia paa la nyumba yangu, na wakiniona mimi wanaangalia chini. Salamu walinipa nusunusu. Kijana wa bodaboda aliyenitoa barabarani akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna, aongeze mwendo.

Kisha nikamwona. Jogoo wa bati, kifua mbele, mkia umepindwa vizuri, amesimama kwenye ncha ya nondo, na nondo imesimama kwenye kilele cha paa langu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Akageuka taratibu, akanielekezea mdomo.

Sitadanganya, kilichonijia kwanza ni furaha. Nilicheka peke yangu nikiwa bado juu ya pikipiki. Lakini furaha yenyewe haikufika hata mlangoni, maana chini ya jogoo kulikuwa na nondo, na nondo juu ya paa, kwa ukoo wa mume wangu, si pambo.

Kwa ukoo huu mwanamume akijenga, siku ya kumaliza paa anasimamisha mti kileleni. Zamani ulikuwa mti mgumu uliochomekwa kwenye nyasi, siku hizi hata kipande cha nondo juu ya bati kinatosha. Mti unasema mwenye nyumba yupo na anapumua. Siku akifa, kabla hajashushwa kaburini, ndugu yake anapanda na kuuvunja. Kuanzia hapo paa linabaki kipara, na nyumba yoyote ambayo mjane ataijenga baadaye nayo inabaki kipara. Mume wangu Revocatus alipofariki, aliyepanda ni kaka yake mkubwa, Makongoro. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikasikia mti ukikatika. Hadi leo nikiikumbuka sauti ile nashika kitu kilicho karibu.

Sasa mjane huyuhuyu alikuwa na mti juu ya paa. Kila aliyepita pale Bugwema jioni ile alikuwa ameusoma vizuri kabisa: Matrida ameleta mwanamume kwenye mji wa marehemu, na ametangaza.

Mwanamume mwenyewe hakuwepo. Kulikuwa na fundi tu, Jastin wa Guta, ambaye nilikuwa nimemwachia funguo nikaenda Musoma kumtembelea binti yangu Brenda shuleni. Jastin ni mtu wa Bunda, kwao hawana mambo ya miti ya kilele, na mimi sikuwahi kumwambia. Ningemwambiaje? Nani anamwambia fundi asimsimamishie mti mtu asiyekuwepo?

Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwenye kalenda. Kabla sijaolewa nilipikaga kwa masista kule Makoko, na siku ya kuondoka Sista mmoja Mfaransa alinipa kalenda ya kwao ambayo mwaka wake ulikuwa umekwisha. Wenzangu walipewa rozari na vitambaa, mimi nikapewa mwaka uliopita. Nilikasirika kidogo, kisha nikaifungua. Haikuwa na mlima wala kanisa kubwa. Kila mwezi ulikuwa na kipande kimoja cha nyumba za kijiji anakotoka. Januari ulikuwa mlango wa kijani wenye kigongeo cha chuma cha kubishia hodi, mkono wa mwanamke umeshika tufe. Machi, kulabu ndogo inayoshika kifuniko cha dirisha kisipigwepigwe na upepo. Mei, kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa nyayo za watu. Agosti ndiyo ilikuwa na jogoo wa chuma juu ya paa.

Niliipenda kalenda ile kuliko picha ya harusi yangu, na Revocatus alijua. Alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na madirisha ya Wazungu. Nilichokipenda ni hiki, kwamba kuna mtu huko mbali alikaa chini akafikiria kulabu. Dirisha lingefunga tu bila kulabu nzuri, lakini yeye akaipinda, akaitia ua dogo mwishoni, akaiweka mahali ambapo hakuna mgeni atakayeiona. Kwetu tunajenga tukiwaza mvua na wezi basi. Nilipopata nguvu ya kujenga nyumba yangu ya tofali za kuchoma, miaka minne baada ya msiba, nilimwekea Jastin kalenda mkononi nikamwambia, "Hizi ndogondogo ndizo nazitaka. Kuta utajenga unavyojua."

Na Jastin akaziweza. Madirisha yangu yana vifuniko vya mbao vya rangi ya bluu, na kila kifuniko kina kulabu yake. Kizingiti ni jiwe la hapahapa shambani, alilichonga likainama katikati ili mguu ujue pa kukanyaga. Kigongeo cha mlango alikifua mwenyewe, ingawa vidole vilitoka vinene kama vya mtu aliyeng'atwa na nyuki. Mwezi wa Agosti sikumwagiza. Huo aliuongeza kwa mapenzi yake, kuniaga, maana kazi ilikuwa imeisha.

Nilimpigia simu nikiwa nimesimama uani.

"Mama umeona?" akaniuliza kabla hata ya salamu. "Umeona anavyogeuka? Nimeweka bearing ya baiskeli!"

"Jastin, kesho asubuhi njoo uitoe."

"Hujaipenda?"

"Nimeipenda sana. Njoo uitoe."

Nilikuwa sijarudisha simu mfukoni nikasikia kigongeo kwenye mlango wa mbele. Ko, ko, ko. Tangu kiwekwe hakuna mtu aliyekuwa amekigusa. Watu wa kwetu wanasema hodi kwa mdomo. Nikazunguka nyumba. Alikuwa Makongoro, koti begani, ameushika ule mkono wa chuma, na hakuuachia hata aliponiona.

"Karibu, shemeji."

"Nikaribie wapi, Mama Brenda? Kwa nani?" Akaonyesha juu kwa kidevu. "Mwenyewe yuko ndani?"

"Hakuna mwenyewe. Ni fundi amekosea. Kesho anatoa."

"Fundi amekosea." Aliyarudia maneno yangu kwa upole, na upole wa Makongoro ndio unaonitisha. Huyu ni mtu aliyekuwa akija tangu msingi unachimbwa, anahesabu vyumba kwa macho. Mwanawe Brian anataka kuoa na hana pa kumweka mke. Mara mbili alishaniambia kwamba mwanamke na binti mmoja hawahitaji vyumba vinne, na mara mbili nilimjibu kwamba mimi nahitaji hata cha tano. "Kesho tukitoka misa ukoo unakaa hapa kwako. Utatuonyesha huyo mwanamume. Kama unaye, mfuate kwao, mji huu ni wa marehemu. Kama huna, tutajua la kufanya."

Alipoondoka nikaingia ndani nikafunga vifuniko vyote, kulabu kwa kulabu, jua likiwa bado halijazama. Najua sheria ipo. Najua ofisi ya kata ipo na mtendaji ana mhuri. Lakini mtendaji hachoti maji kisima kimoja na mimi, na binti yangu hatazikwa na mtendaji. Ukoo ukikuambia toka, unaweza ukabaki na karatasi yako, ila hakuna atakayekusalimia. Niliijua nyumba yangu yote kwa viganja jioni ile. Nilipapasa ukingo wa dirisha ambao Jastin aliulaza kidogo ili maji yasisimame, nikapapasa matundu ya hewa yaliyokatwa kwa umbo la nyota, na hasira yangu yote ilikuwa kwamba kesho vidole vya mke wa Brian ndivyo vitakavyofungua hapa.

Asubuhi Jastin aliwahi, na ngazi yake begani. Alikuwa amenuna. Akaegemeza ngazi upande wa jikoni, akatoa spana, akaanza kupanda, na mimi nikasema Mungu mkubwa, watu wakitoka kanisani watakuta kipara chao.

"Shuka!"

Sauti ilitoka kwenye njia ya migomba. Alikuwa mama mkwe wangu, Ursula, na fimbo yake, anakuja haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Mama huyu si mtu wa kupiga kelele. Tangu niolewe hapa nimemsikia akipaza sauti siku ya msiba wa mwanawe tu.

"Wewe kijana, shuka! Unataka kumwua nani?"

Jastin akabaki katikati ya ngazi, spana mkononi. "Mama, mimi naondoa tu hiyo nondo. Nimeambiwa ni makosa."

"Makosa kuuweka. Kuutoa ni kitu kingine." Akanigeukia mimi. "Mama Brenda, hukuambiwaga? Huo mti unatolewaga siku moja tu. Ukiutoa na hakuna maiti, unaiita. Mwenyewe wa mti anaondoka."

"Lakini hauna mwenyewe, mama. Ni fundi tu aliweka."

"Mti hauwezi kukosa mwenyewe. Umesimama, basi kuna mtu unamtaja. Sijui ni nani. Pengine ni mtoto wetu kule Musoma, yeye ndiye damu ya nyumba hii. Mimi siwezi kuangalia ukitolewa."

Nilikuwa nimemwona Brenda jana yake, amevaa sweta la shule, anakula maandazi niliyompelekea huku anacheka na mdomo umejaa. Unaweza kuniambia mambo haya ni ya kizamani. Mimi mwenyewe ningeweza kuyasema nikiwa Musoma, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi. Pale uani kwangu sikuweza. Nikamwambia Jastin ashuke, na akashuka, na ngazi ikabaki imeegemea ukuta kwa sababu hakuna aliyekuwa na akili ya kuiondoa.

Basi tazama nilivyonaswa. Mti ukibaki, nina mwanamume na lazima nitoke. Mti ukitolewa, naita kifo, na sijui kinakuja kwa nani. Na misa ilikuwa inaisha.

Walikuja na nguo zao za kanisani. Wanaume walikaa kwenye viti nilivyoazima, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni, na Jastin, ambaye nilimkataza asikimbie, alikaa juu ya ndoo karibu na ngazi yake. Kila mtu alikaa akiwa ameweka jicho moja kileleni. Jogoo alikuwa anageuka, mara Musoma, mara Butiama, kama mtu asiyehusika. Kikao kiliongozwa na mzee Eliud, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, mtu mkavu, mgumu wa kusikia anapotaka.

Mzee Eliud akaniuliza maswali, nikajibu. Nani ameweka? Fundi. Kwa amri ya nani? Hakuna. Akamwuliza Jastin, na Jastin akasimama, akasema aliona picha kwenye kalenda, akaona nyumba imependeza ila juu imepungukiwa.

"Imepungukiwa," mmoja wa wazee akasema, na wanaume wakacheka, na mimi nikahisi masikio yanawaka.

"Na kwa nini jogoo?" akauliza mzee Eliud. "Kwa nini si njiwa? Kwa nini si ng'ombe?"

"Kule Ulaya wanawekaga jogoo, mzee. Anaonyesha upepo unakotoka."

"Sisi upepo tunaujua unakotoka. Kaa."

Kisha Makongoro akasimama. Alikuwa amejiandaa, alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akaanza kwa kumlilia mdogo wake, na machozi yalimtoka kweli, hilo siwezi kumnyima. Akasema ukoo hauna ugomvi na Mama Brenda. Akasema makosa yametokea, na mti hauwezi kutolewa kwa sababu hakuna anayetaka msiba. Wanawake wakaitikia. Nikamwona mama mkwe wangu ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mti ubaki," Makongoro akasema. "Lakini mti bila mwanamume ni aibu kwetu. Shemeji amesema hana mwanamume. Nimemwamini. Basi mimi ndiye mkubwa wa marehemu. Mji wa mdogo wangu ukikosa mtu, mtu ni mimi. Huo mti nauchukua. Na nyumba iliyo chini yake nitaisimamia, na yeye nitamsimamia. Brian atahamia vyumba vya mbele kwa sasa."

Alikuwa amepokea komunyo asubuhi ileile. Sikuwepo, lakini nina uhakika, kwa sababu Jumapili nyingine zote nakaa benchi la nyuma yake nikiangalia shingo yake, na hajawahi kuikosa.

Nilitazama wanaume mmoja mmoja, nikitafuta atakayesema hapana. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali, si kwa ubaya, bali kama watu waliopewa njia ya kurudi nyumbani mapema. Lilikuwa jibu safi. Hakuna msiba, hakuna aibu, kila kitu kimepata pa kukaa, isipokuwa mimi.

Mzee Eliud akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Makongoro, sema tukusikie wote. Mti ule ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Wa kwako wewe?"

"Wangu, mzee. Tangu jana uliposimama. Unanitaja mimi."

Watu husema hasira inapofusha macho. Mimi ilinifumbua. Sikuwa na mpango wowote, naomba nieleweke. Waliosema baadaye kwamba Matrida ni mjanja wananipa sifa isiyo yangu. Nilichokiona tu ni mkono wake. Alipokuwa anasema "wangu" alikuwa ameuweka kwenye kifuniko cha dirisha la bluu, na kidole kikawa kinaichezea kulabu, juu, chini, juu, chini, kama mtu aliyekaa nayo miaka. Nikasimama. Nikavua viatu. Nikamtaka Jastin spana, akanipa bila kuuliza, nikaishika ngazi.

"Mama Brenda, unaenda wapi?" akauliza mzee Eliud.

"Nyumba mmeshaigawa, mzee. Jogoo ni wa kwangu, ni wa kalenda yangu. Nakwenda kumchukua."

Niliposimama juu ya bati lilikuwa la moto linachoma nyayo. Jastin akaniambia kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, nikanyage kwenye mistari ya misumari tu, huko ndiko zilipo papi, zile mbao zinazobeba bati. Nikakanyaga kwenye misumari. Sijawahi kupanda paa maishani mwangu. Kwetu mwanamke hapandi. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakiacha kunong'ona, kisha sikusikia chochote ila bati likilia chini ya uzito wangu. Nilitambaa hadi kwenye kofia ya paa, nikaikumbatia ile nondo kwa mkono mmoja. Ilikuwa imefungwa kwa nati mbili na waya.

"Shemeji," Makongoro akaita. "Shuka tuongee."

"Tumeshaongea."

Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza. Ilikuwa ngumu. Nikakaza meno, ikazunguka, nondo ikayumba, na jogoo akageuka ghafla akatoa mlio. Chini mwanamke mmoja akalia kwa sauti, kilio kile cha msibani hasa.

"Shemeji! Acha!"

Nati ya kwanza ikatoka. Niliiacha ianguke. Ilibingirika juu ya bati, kwa muda nilioona mrefu, kisha ikadondoka uani. Nikageuka kuangalia ilikoangukia, ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria kabisa. Hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi. Ukoo mzima, wanaume, wanawake, Jastin juu ya ndoo yake, walikuwa wanamwangalia Makongoro. Walikuwa wanamwangalia kama mtu anavyoangaliwa akiwa ameshaanza kuondoka. Waliokaa karibu naye walikuwa wamesogeza viti.

Naye alikuwa amebadilika rangi. Mkono ulikuwa umeshatoka kwenye kulabu, uko kifuani.

Nikaweka spana kwenye nati ya pili.

"Si wangu!" Makongoro akapiga kelele. "Mti si wangu! Matrida, sikia, usiutoe, si wangu!"

Mzee Eliud akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

"Si wangu! Nimekosea kusema. Nilikuwa nasema tu."

"Mti hauwezi kukosa mwenyewe. Kama si wako ni wa nani?"

"Wa kwake! Wa mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ni nani? Sema tukusikie wote."

"Ni Mama Brenda! Nyumba ni ya Mama Brenda, mti wa Mama Brenda! Mashahidi nyote mko hapa, mimi simo!" Alikuwa analia tena, na safari hii hakuwa anamlilia mdogo wake.

Yeyote aliyekuwepo atakuambia nilikaa juu pale nimetulia kama malkia. Si kweli. Maneno yale yaliponifikia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuondoa spana kwenye nati kwa haraka, kama niliyeshika jiko la mkaa. Maana sasa ulikuwa wangu. Mti uliokuwa unamtaja Makongoro dakika moja iliyopita ulikuwa unanitaja mimi, mbele ya mashahidi, na nilikuwa nimeshautoa nati moja. Nikaishikilia nondo kwa mikono miwili isiyumbe. Niliogopa kufa kuliko siku yoyote, na ndani ya woga ule kulikuwa na raha ambayo sijui niielezeje, kwa sababu ulikuwa woga wa mtu mwenye kitu.

"Jastin," nikaita, na sauti ikatoka nyembamba. "Iokote hiyo nati uniletee."

Akaipata kwenye mchanga karibu na miguu ya mzee Eliud, akapanda nayo, tukaifunga pamoja, yeye akikaza na mimi nikishikilia. Aliongeza waya mara mbili bila kuambiwa. Ndipo nikaangalia mbele. Kutoka pale unaona paa zote za ukoo, hadi kwenye mawe makubwa, na nyuma yake ziwa. Paa nyingi zina mti. Paa la Makongoro lina mrefu kuliko wote. Katikati kuna lililo kipara, dogo, lenye kutu, ambalo nilipita chini yake kila siku nikipeleka maji na sikuwahi kuliangalia juu. Ni la mama mkwe wangu.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Jastin alinishika kifundo cha mguu akaniwekea kwenye ngazi, mmoja, kisha mwingine. Chini kikao kilikuwa kinavunjika chenyewe. Mzee Eliud alikuwa ameshachukua kofia yake, na Makongoro alikuwa amesahau koti lake kwenye kiti akiwa ameshafika kwenye migomba. Hakuna aliyenipongeza. Mzee Eliud alinipita, akasimama, akanisalimia kwa mkono na kuinamisha kichwa kidogo, kama anavyowasalimia wenye miji, kisha akaenda zake.

Mama mkwe wangu alikuwa amebaki kwenye mkeka peke yake. Nikakaa karibu naye, nyayo zinaniunguza. Nilidhani atanigombeza. Alikuwa anamwangalia Jastin, ambaye alikuwa anakunja waya wake na kukusanya vipande vya nondo vilivyobaki upande wa jikoni.

"Wewe fundi," akamwita.

"Naam, bibi."

"Hicho kipande unakipelekaga wapi?"

"Kimebaki tu, bibi. Nilikuwa nataka kukitupa."

Akajiinua kwa fimbo yake, polepole, akaanza kuelekea kwake. Alipofika kwenye njia akageuka kuona kama tunamfuata.

"Jogoo mimi sitaki, atanipigia kelele," akasema. "Nondo tu. Leta na ngazi. Nimelala miaka yote hii kwenye nyumba ya marehemu, na mimi ni mzima."